Kifuniko cha Namba Saba

Nilizisikia bangili zake kabla sijamwona.

Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba, nami nilikuwa nimeuegemea upande wa pili, karibu na mashine ya kuzungusha mirija ya maabara, nikisubiri ngurumo yake itulie. Yamini alivaa bangili sita za kioo, za kijani, tatu kila mkono. Chumba cha kulelea seli hakipokei bangili, pete wala saa. Mtu huingia na mikono mitupu ndani ya glavu. Kwa hiyo kila alasiri saa tisa alizivua akazitundika kwenye msumari kando ya mlango, na saa kumi na moja akazivaa tena. Kuvua kulikuwa na haraka, kli-kli-kli. Kuvaa kulisitasita, maana vifundo vya vidole vyake vilikuwa vipana kuliko bangili, na kila moja ilitaka kubembelezwa. Kwa miaka minne niliisoma siku yangu kwa milio hiyo miwili.

Siku hiyo zilivaliwa saa tisa na robo.

Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Ya nne ikagota kwenye kifundo, ikavunjika. Vipande vikaanguka sakafuni, na ya tano sikuisikia. Kwetu Dhamtari, bangili ikivunjika mkononi mwa mwanamke ni nuksi; akina mama huacha walichokuwa wakifanya na kumtazama usoni.

"Khilesh," aliita kutoka mlangoni. "Zima hiyo mashine."

"Zimebaki dakika mbili."

"Zima, nakwambia. Sina nguvu za kupaza sauti."

Nikazima.

Alisimama na barakoa ikining'inia kwenye sikio moja. Macho ya Yamini ni makubwa, meusi, na huwa yanacheka kabla ya mdomo. Mara ya kwanza niliyaona juu ya barakoa kama hiyo, nikampenda mtu ambaye sikujua pua yake ikoje. Leo yalikuwa yamechoka. Usingizi wa siku moja usingeyaponya. Alikuwa kama mtu aliyepandisha ndoo ya maji mlima mzima, akafika juu na kuikuta imetoboka.

"Umejikata?" nikamuuliza.

"Sijajikata."

"Nimesikia bangili."

"Najua umesikia. Wewe husikia bangili tu." Akanyoosha karatasi iliyokunjwa mara mbili. "Namba saba si namba saba."

Mama yangu nilimweleza kazi yetu hivi. Bakteria naye huugua. Virusi humwingia, na yeye ana mkasi wake wa protini wa kuikata DNA ya adui. Sisi tunaiazima mikasi hiyo, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwa bakteria wa udongoni, wa mtoni, wa tumboni mwa ng'ombe. Tunaipenyeza ndani ya seli za binadamu zinazolelewa kwenye visahani vya plastiki, kisha tunauliza: ugenini humu, unaweza kukata pale tulipokuonyesha, usikate pengine? Mingi hugoma. Ndani ya seli ya binadamu DNA imekunjwa na kufungwafungwa kama sari za harusi sandukuni, na mgeni hajui aanzie pindo lipi. Tulikuwa na mikasi kumi na moja na tulikuwa tumeifanyia kazi miezi kumi na minne. Mahali tulipoionyesha ni pale jeni ya damu inapoharibika, chembe nyekundu ikajikunja kama mundu. Huko ng'ambo wameshaanza kutibu selimundu kwa mkasi wa zamani, ule unaojulikana na kila maabara, ambao nasi huuweka kama kipimo katika kila jaribio, lakini tiba hiyo haifiki vijijini kwetu. Tulitaka wa kwetu.

Mikasi kumi ilikuwa imegoma. Namba saba, wiki tatu zilizopita, ulikata seli sitini na moja katika kila mia.

Namba hiyo ingebaki maabara, nisingekuwa na la kusimulia. Niliitoa nje mimi.

Nyumbani kwetu siku hizi ndoa hupimwa mara mbili. Kwanza kwa nyota, kisha kwa kadi ya selimundu. Kadi nyeupe, damu yako ni salama. Kadi ya njano, unaumwa. Nusu kwa nusu, nyeupe na njano, umebeba ugonjwa na huumwi. Mwezi wa nne nyota zetu zilisomwa mbele ya wazee, zikalingana hata mpiga nyota akatabasamu. Kisha baba yake Yamini, Mzee Bisahu Ram, akaziweka kadi zetu mbili magotini mwake. Zote nusu kwa nusu. Kila mimba, nafasi moja kati ya nne ya mtoto wa kadi ya njano. Akazitazama muda mrefu.

"Nyota zimekubali," alisema. "Damu imekataa." Akainuka, akaukunja mkeka ambao tungeukalia tuchumbiane.

Sikuweza kumchukia. Binti yake mkubwa, Pramila, ana kadi ya njano nzima. Mzee yule amembeba mgongoni kwenda hospitali mara nyingi mno.

Lakini mimi ni mtu wa hasira na kiburi, na kadi ilikuwa imenitukana. Kwa hiyo namba saba ulipotoa sitini na moja, sikusubiri jaribio la pili. Jioni ileile nilimpigia simu baba yake Yamini. "Babuji, mkasi umepatikana. Sitini na moja kwa mia." Nikamsikia akiweka simu juu ya kitu, akienda kunywa maji, akirudi. Tangu siku hiyo akaacha kuniita "kijana", akaanza kuniita "mwanangu". Na mkeka, akasema, utandikwe Jumapili hii.

Leo ilikuwa Alhamisi.

"Sema vizuri," nikamwambia Yamini. "Si namba saba kivipi?"

"Madam alitaka jaribio lirudiwe kabla maabara yake haijaandika chochote. Nikachukua mrija wako wa namba saba, uleule. Kabla ya kuutumia nikatoa tone humo, na tone katika mrija wa kipimo, nikayapeleka yakasomwe herufi za DNA yake. Ndiyo desturi yangu."

"Desturi ya waoga."

"Ndiyo. Mimi mwoga. Majibu ya mwoga ni hayo uliyoshika." Akaivua barakoa kabisa. "Ndani ya mrija wako wa namba saba mna mkasi wa zamani. Ule wa kipimo. Na mrija ulioandikwa 'kipimo', ndani yake ndimo ulimo namba saba."

Niliisoma karatasi mara mbili. Mashine ile haina upendeleo wala chuki, huandika inachokiona.

"Haiwezekani," nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua inawezekana.

"Vifuniko, Khilesh. Uliandika juu ya vifuniko peke yake."

Nilikuwa na mtindo wangu. Mrija mkono wa kulia, mrija mkono wa kushoto, gumba na kidole vinasokota vifuniko viwili kwa pamoja, navidondosha mezani, nanyonya tone hapa na tone pale, navifunga. Hakuna mtu wa ghorofa ya tatu aliyenifikia kwa kasi. Yamini aliandika kila mrija mara mbili, juu ya kifuniko na ubavuni, kwa herufi ndogo kama mayai ya chungu, nami nilikuwa nikimtania kwamba anaandikia posta.

"Nilipoitayarisha kabla ya jaribio, nilirudisha kifuniko cha huu kwa ule," nikasema.

"Ulirudisha kifuniko cha huu kwa ule."

"Basi namba saba wa kweli unakata ngapi?"

"Unajua ngapi. Ulishaziona." Alikuwa akinitazama bila kupepesa. "Siku ile kipimo kilitoa ngapi?"

"Mbili."

"Mbili kwa mia. Mkasi ambao tangu nije hapa haujawahi kushuka chini ya hamsini. Nikakuuliza, Khilesh, mbona kipimo kimetoa mbili? Ukanijibu nini?"

"Yamini."

"Ukanijibu nini?"

"Kwamba umegandishwa na kuyeyushwa mara nyingi. Umechoka."

"'Mkasi mzee umechoka, Yamini, muache bibi kizee apumzike.' Nikacheka." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Mimi pia nilitaka kuamini, ndiyo maana nikacheka. Kipimo kilikataa, tukakitupa kipimo."

Alisema "tu". Angeweza kusema "u". Neno hilo lilinichoma kuliko karatasi.

Nikainama kuokota vipande vya bangili. Aliniacha niokote. Kwenye katoni ya glavu iliyokuwa pale chini, ubavuni mwake, mwandiko wangu ulikuwa ungali unasomeka, wa mwezi wa sita:

*Bangili zinapolia, moyo wangu huitika,*
*Kazi ikinilemea, jina lako nalishika.*

Yamini alifuata macho yangu.

"Beti nzuri," alisema. "Wino ule ungetosha kuandika ubavuni mwa mirija yote kumi na moja."

Nikavitupa vipande kwenye ndoo ya taka.

---

Tukashuka kwenda kunywa chai, kwa sababu hakuwa amekula tangu asubuhi, na kwa sababu hatukuweza kukaa pale tukitazamana na mashine. Nje ya geti moshi wa mwezi wa kumi na moja ulikuwa umelishusha jua likawa kama kiini cha yai lililochemshwa. Muuza chai alitujua. Akatupatia vikombe viwili vya udongo bila kuuliza, akazidisha tangawizi kwenye cha Yamini.

Alikaa kwenye benchi, akazitoa mfukoni bangili moja moja na kuzipanga mezani. Mbili. Tatu zilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa mtupu.

"Utamwambia lini?" akauliza.

"Madam? Kesho asubuhi. Nitaingia ofisini kwake mwenyewe."

"Sijakuuliza Madam."

Nikapuliza chai ambayo haikuwa ya moto kiasi hicho. "Jumapili ipite kwanza."

"Ipite kwanza."

"Sikiliza. Jambo la maabara ni la maabara. Mkeka ni mkeka. Tuchumbiane, wazee wale, wanywe, waondoke. Baada ya mwezi nitamwambia taratibu kwamba jaribio la pili halikwenda vizuri. Ambalo ni kweli."

"Ni kweli," alisema. "Uongo wako wote una ukweli ndani yake. Ndiyo maana unauza."

"Unaniita mwongo?"

"Nakuita mtu aliyempa baba yangu namba badala ya kujitoa mwenyewe." Alizungumza polepole, kama anayehesabu matone. "Ulipompigia, ulimwambia unanipenda? Ulimwambia tutaishije, tutafanya nini mimba ikiingia? Ulimwambia sitini na moja. Kama mtu anayempelekea mzee ng'ombe."

Damu ikanipanda. "Na yeye alitaka nini kingine? Nilikuja kwake nimeoga, nimenyooka, nimesoma kuliko mtu yeyote wa kijiji chetu, akanitazama kwa kipande cha karatasi chenye rangi nusu. Unajua ilivyo kupimwa hivyo? Kila mtu anakutazama damu. Nilichoka, Yamini. Nilitaka siku moja na mimi niwe na karatasi ya kumwonyesha."

"Na mimi je?"

Nikaweka kikombe chini.

"Mimi sikuchoka? Kadi yangu si nusu kama yako? Miaka minne navua bangili, navaa bangili. Nyumbani wananiuliza utaolewa lini, maabara wananiuliza utamaliza lini, na wewe unaniuliza mbona hucheki. Nimechoka mpaka kuchoka kwenyewe kumenichosha." Akashika kikombe kwa mikono yote miwili. "Dada anakaanga khurmi za Jumapili tangu jana. Pramila. Kwa mikono ile. Asubuhi haiwezi hata kufunga kifungo, mchana inakaanga vitamu vya sherehe, kwa sababu wewe umemwambia baba yake dawa imepatikana, na yeye anadhani atakuwepo kuionja."

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilipomwambia mzee sitini na moja nilikuwa nawaza watoto wangu ambao hawajazaliwa. Sikumwaza binti yake aliyekuwa jikoni, anasikia.

Yamini akatoa simu yake, akaiweka mezani kati ya vikombe viwili.

"Mimi sitampigia. Likitoka kwangu litakuwa udaku wa mtoto juu ya mchumba wake. Piga wewe. Usipopiga, sawa, siwezi kukulazimisha. Lakini Jumapili mkeka ukitandikwa, utakaa peke yako."

Hakuwa na hasira aliposema hivyo. Angekuwa nayo ningejua la kufanya; kwa hasira mimi ni bingwa. Alikuwa amechoka tu, na macho yale meusi yalinitazama kama yanavyotazama kisahani cha seli asubuhi: zimeishi au zimekufa.

Nikabonyeza jina la Babuji. Nikaweka spika.

Ililia mara tano. Kisha kelele za mafuta jikoni; nikasema haloo, na sauti ya mwanamke ikanijibu.

"Bwana Sitini na Moja. Umepiga kwa simu ya mwenzio, yako imeliwa na mashairi?"

"Shikamoo, dada Pramila."

"Marahaba, unanizeesha. Sema upesi, khurmi zinaungua. Umekumbuka kuwa hupendi ufuta? Umechelewa, nimeshatia."

"Naupenda ufuta. Babuji yupo?"

"Yupo uani anagombana na mpunga. Eti haujakauka. Anauambia kabisa, kwa mdomo." Kisha akasita. "Mbona sauti yako imevaa viatu vya msiba?"

"Mpe simu, dada. Na wewe usiondoke. Nataka usikie."

Kelele za mafuta zikapungua. Alikuwa ameipua sufuria. Nikasikia hatua zake, moja nzito na moja nyepesi, nyonga yake ikimuuma kama kila mara majira yanapogeuka. Kisha sauti ya mzee, yenye vumbi la makapi.

"Ndiyo, mwanangu."

Nilimtazama Yamini. Alikuwa akitazama bangili mbili mezani.

"Babuji," nikasema, "ukipima mpunga wako kwa pishi unalolijua miaka yote, siku moja likatoa robo ya kawaida yake, utafanyaje?"

"Nitalitazama pishi. Litakuwa na tundu, au kuna mtu amelibadilisha."

"Utaendelea kuuza?"

"Nauzaje na pishi limekataa? Mbona unaniuliza mambo ya watoto?"

"Mimi niliuza, Babuji."

Ng'ombe alilia kwa mbali, huko kwao.

Nikamweleza. Nilimweleza vifuniko, mkono wa kulia na mkono wa kushoto, kipimo kilichotoa mbili na mzaha nilioufanya. Sikutumia neno hata moja la kitabu. Nilimwambia binti yake aliniuliza siku ileile nikamchekesha ili asiulize tena. Nilimwambia namba ya kweli ni mbili kwa mia, ambayo katika kazi yetu ni sawa na hakuna.

"Kwa hiyo dawa," alisema mzee.

"Haipo. Na kuna jingine." Sikuwa nimepanga kulisema, lilikuja lenyewe, na nilipoliona linakuja nilijua ndilo lililonitoa usingizini wiki tatu zote. "Hata ingekuwa sitini na moja kweli, isingekuwa dawa. Zilikuwa seli za figo kwenye kisahani. Kutoka kwenye kisahani hadi kwenye damu ya mtu ni miaka, na mikasi mingi haifiki. Nililijua hilo nilipokupigia. Nilikuacha uamini kwamba ni kesho."

Yamini akainua macho. Hilo hakuwa amelitarajia.

Aliyesema ni Pramila, kwa mbali kidogo na simu.

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini wewe?" baba yake akamuuliza.

"Nimeonana na madaktari tangu nikiwa na miaka miwili, baba. Mwenye dawa ya kweli hukuchosha kwa maelezo, hukupa karatasi tisa utie sahihi. Huyu alikupa maneno manne akakata simu." Akakohoa. "Nikajua kijana amependa, basi. Nikasema acha nikaange."

"Ulijua ukakaanga?" nikauliza.

"Sikukaanga dawa. Nilikaanga za uchumba wa mdogo wangu. Nikuulize swali, shemeji, lisilo na namba ndani yake?"

"Uliza, dada."

"Mtoto wenu akilia kama ninavyolia mimi. Siku ya kawaida tu, saa nane mchana, mifupa inawaka, hataki kushikwa, hataki kuachwa. Wewe utakuwa wapi?"

Muuza chai alikuwa akisugua sufuria yake polepole mno.

"Sijui, dada," nikasema. "Ningependa kusema nitakuwa nimemkalia karibu. Lakini sijawahi kuona, kwa hiyo sijui."

"Haya," alisema Pramila. "Hiyo ndiyo mbili kwa mia yako. Lakini ni ya kweli."

Yamini alicheka. Kicheko kifupi, kilichochoka, kilichotoka puani na kufuatana na machozi, lakini macho yalitangulia kabla ya mdomo. Nilikuwa sijakiona wiki nzima.

Mzee akajisafisha koo.

"Nisikilize, kijana."

Kijana. Nililipokea neno hilo kama mtu anavyopokea mzigo wake mwenyewe.

"Kaka zangu watatu wanakuja Jumapili. Nimewaita kwa mdomo huu, na kwa mdomo huuhuu nimewaambia kwamba mkwe wangu amepata dawa. Mkubwa wao alilia. Yeye alimzika mjukuu mwaka jana, unajua." Akapumua. "Mimi sitawaambia tena. Sina mdomo wa pili."

"Naelewa, Babuji. Nitaahirisha. Nitasema mimi ndiye—"

"Sijakwambia uahirishe. Mpunga utakauka, wali utapikwa, watu watakula. Njoo. Mkeka utakuwa umekunjwa, umeegemezwa ukutani. Utawaambia wewe, umesimama, wakikutazama. Yote. Na hilo la kisahani pia. Ukimaliza, kama Yamini bado anakutaka, atautandika kwa mikono yake. Zile kadi anazijua kuliko mimi na wewe."

"Na wewe, baba?" Yamini aliuliza, akiiinamia simu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Wewe utakaa mkekani?"

"Bado naiogopa ile moja kati ya nne, mama. Nitaiogopa mpaka nife. Sitakudanganya."

"Na mimi naiogopa. Kuna kumpima mtoto tumboni wiki ya kumi. Kuna kulea mtoto wa mtu. Kuna kutozaa. Hatujawahi kuyazungumza, mimi na huyu. Tulikuwa tunaingojea namba."

"Basi zungumzeni," mzee akasema. "Garimoshi ni safari ndefu. Mtakuwa na nafasi."

Nilikuwa nawaza kaka mkubwa. Yule aliyenisema mwezi wa nne, mbele ya watu, kwamba kitabu hakifui damu, na kwa sababu yake niliapa moyoni kwamba siku moja nitaingia ua ule na kumfanya ameze neno lake. Sasa ningeingia ua ule na kulimeza mimi, yeye akitazama kwa macho ya mtu aliyemzika mjukuu akaniamini wiki tatu.

Yamini alichukua bangili moja mezani, akaanza kuisukuma kwenye mkono wa kulia. Ikagota kwenye kifundo, palepale ilipovunjikia mwenzake. Akaacha mkono hapo, mezani, mbele yangu, mbele ya muuza chai na barabara nzima. Nikaushika. Nikavikunja vidole vyake kama alivyokuwa akifanya nyuma ya ukuta ule nisione, nikaibembeleza bangili, taratibu, kwa mikono miwili juu ya kitu kimoja. Ikapita. Kli.

"Khileshwar," mzee akaita. Jina zima. "Umenyamaza. Utakuja kusema, au huji?"

"Nitakuja, Babuji. Nakuahidi, na dada Pramila asikie, na Yamini yupo hapa anasikia. Jumapili nitasimama mbele ya kaka zako wote watatu, kabla sijakaa, kabla sijanywa maji ya kwako, na nitawaambia kwa mdomo wangu: zilikuwa mbili, mimi nikasema sitini na moja, na kosa ni langu."